HESABU YA KICHWA: MASKI YA REZO BILA MASHINI



Wengi kati yetu wanatamani kazi ya rezo, ni kusema kuunganisha ordinatere za ofisi, za banki ao za hospitali. Cheti kimoja kinachojulikana sana katika kazi hiyo ni CCNA ya kampuni Cisco. Mtihani wake ni wa dakika 120. Mashini ya kuhesabu hairuhusiwi, na ukiisha kupita swali hauwezi kulirudilia. Asiyejua kuhesabu maski kwa kichwa, saa itamukimbia. Lakini kazi hii haiombi akili ya ajabu: inaomba kuongeza na kutoa, hesabu za shule ya msingi.

1. Maski ni nini?
Adresi (IPv4) ina mafungu 4 ya namba, kila moja toka 0 mpaka 255. Kila fungu lina biti 8, jumla 32. Ni kama katika muji: kuna jina la barabara, kuna namba ya nyumba. Maski njo inaonyesha barabara inaishia wapi na namba ya nyumba inaanzia wapi. Tukiandika /27, biti 27 za kwanza ni za barabara, 5 zinazobaki ni za nyumba.

2. Mushike hizi kwa kichwa
Bei ya kila biti: 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1.
Tukiongeza moja moja: 128, 192, 224, 240, 248, 252, 254, 255. Mbali na 0, hakuna namba ingine inayoingia katika maski.

3. Mufano: 192.168.10.77/27
Mafungu 3 ya kwanza yanakula biti 24. Kunabaki 3: 128 + 64 + 32 = 224. Maski ni 255.255.255.224.
Sasa 256 – 224 = 32. Hiyo 32 njo hatua yetu. Tutembee: 0, 32, 64, 96. Namba 77 iko kati ya 64 na 96. Basi rezo ni 192.168.10.64. Ya mwisho, 95, ni ya kuita wote pamoja. Ordinatere zinapata 65 mpaka 94, ni kusema 30.

4. Muchunge hapa
192.168.10.100 inaonekana kuwa jirani ya 77. Hapana! Iko katika rezo ya 96. Hizo ordinatere mbili hazitasemezana bila ruteri katikati, hata zikikaa juu ya meza moja. Asiyehesabu atabadilisha kamba siku muzima, na kumbe kamba haina kosa.

5. Fungu la 3
172.16.45.9/20: toa 16, kunabaki biti 4, ni 240. Hatua ni 16: 0, 16, 32, 48. Namba 45 iko kati ya 32 na 48. Rezo ni 172.16.32.0, ya mwisho ni 172.16.47.255.

Zoezi (bila kalamu)
a) 10.0.5.200/26
b) 192.168.1.130/28
c) 172.20.100.5/22

Majibu, rezo na adresi ya mwisho: a) 10.0.5.192 na 10.0.5.255; b) 192.168.1.128 na 192.168.1.143, c) 172.20.100.0 na 172.20.103.255.

Muulizane wawili wawili, adresi tano kila siku. Kichwa kinazoea kama vile mukono unazoea jembe.