SOMO: Chujio la ukubwa gani kwa beseni la watoto wa samaki?



Vyama vyetu vingi vimeanza kulea watoto wa tilapia na kambale katika mabeseni kabla ya kuwapeleka kwenye bwawa. Karibu kila mkutano tunaulizwa swali lile lile: tununue chujio, ile wengi wanaita filtre, la ukubwa gani? Somo hili linajibu. Mulisome pamoja mukiwa na kalamu mukononi, juu kuna hesabu ndogo za kufanya.

Yale tuliyoyaona

Koperative moja tuliyoitembelea ilikuwa na beseni la plastiki la lita 1000. Wanachama walikwenda mjini, wakaona chujio lililoandikwa kwenye katoni yake «lita 1000», wakalinunua kwa feza za mfuko wa chama. Wiki ya kwanza mambo yalikuwa mazuri. Wiki ya pili samaki wakaanza kukataa chakula, na asubuhi walikuwa juu ya maji wakihema. Siku moja watu wakaamka na kukuta zaidi ya nusu wamekufa.

Maji yalikuwa meupe kabisa kwa macho. Ugomvi ukaanza, na mweka hazina akaulizwa kama alidanganywa akanunua kitu kibovu. Hapana, chujio lilikuwa zima. Lakini lilitengenezwa kwa beseni la kioo la sebuleni, lenye samaki wachache wa mapambo wanaokula chakula kidogo sana. Wao walikuwa na samaki 400 wanaokula karibu gramu 200 kila siku. Tena walijaza samaki siku ile ile walipowasha chujio.

Hili ndilo fundisho la kwanza: ukubwa wa chujio unapimwa kwanza kwa chakula kinachoingia ndani ya beseni. Lita za maji zinakuja nyuma.

Chujio linafanya kazi gani?

Linafanya kazi mbili.

Ya kwanza ni kushika uchafu unaoonekana: mavi ya samaki na mabaki ya chakula. Hiyo kila mtu anaielewa.

Ya pili haionekani, na ndiyo inayookoa samaki. Samaki akila, mwili wake unatoa amonia, hasa kupitia matamvua. Amonia ni sumu. Haina rangi, ndiyo maana maji meupe yanaweza kuua. Juu ya mawe ya chujio kunaishi bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haisumbui samaki sana. Bakteria hao wanahitaji mahali pa kushikamana na hewa ya kupumua. Kwa hiyo mawe mengi ni makao mengi, na makao mengi ni sumu kidogo.

Tuchukue mfano: gramu 200 za chakula chenye protini 35 kwa mia zinatoa karibu gramu 6 za amonia kila siku. Chujio lazima limalize hizo gramu 6 leo, juu kesho zinakuja zingine.

Hesabu yenyewe, hatua kwa hatua

1. Pimeni samaki. Chukueni samaki 20 bila kuchagua, muwapime pamoja kwa mizani, halafu mugawanye kwa 20. Tuseme kila mmoja ana gramu 10. Samaki 400 mara gramu 10 ni kilo 4.

2. Tafuteni chakula cha siku. Watoto wa tilapia wa gramu 10 wanakula karibu 5 kwa mia ya uzito wao. Kilo 4 inatoa gramu 200 kwa siku.

3. Tafuteni mawe. Kanuni tunayotumia ni rahisi: *gramu 1 ya chakula kwa siku, lita 1 ya changarawe ya volkano.* Gramu 200 zinataka lita 200, yaani pipa moja kubwa. Kanuni hii ina akiba ndani yake, juu mawe yanaziba na bakteria hawafanyi kazi sawa kila siku. Hapana kuila hiyo akiba kwa kuongeza samaki.

4. Tafuteni nguvu ya pompi. Maji yote ya beseni yapite ndani ya chujio angalau mara moja kila saa. Mara mbili ni vizuri zaidi. Kwa beseni la lita 1000, mutafute pompi inayofikisha lita 1000 hadi 2000 kwa saa.

Muangalie hapa vizuri: namba iliyo kwenye katoni ya pompi imepimwa bila kupandisha maji. Pompi ikisukuma maji juu hadi kwenye pipa, inapoteza nguvu. Muipime ninyi wenyewe. Wekeni bidoni la lita 20 mahali maji yanapotokea, kwa urefu ule ule wa pipa, na muhesabu sekunde kwa simu. Likijaa kwa sekunde 72, munapata lita 1000 kwa saa. Likijaa kwa sekunde 36, munapata 2000. Likipita sekunde 72, pompi hiyo ni ndogo kwenu, hata kama katoni inasema vingine.

Kutengeneza chujio la pipa

Ndugu zetu wa Goma na Rutshuru wana bahati: mawe ya volkano yako karibu, na yana vitundu vingi ambamo bakteria wanakaa. Chagueni vipande vya milimita 8 hadi 20. Vidogo zaidi vinaziba haraka. Vikubwa sana vinapunguza makao. Yaosheni mpaka vumbi liishe.

Ninyi wa mahali pengine, tumieni changarawe ya mto, lakini muongeze kiasi, juu jiwe laini lina makao machache. Mulijaribu kwanza: mudondoshe siki au maji ya ndimu juu ya jiwe. Likitoa povu, lina chokaa na linapandisha pH ya maji. Muliache.

Mbele ya pipa wekeni ndoo moja ambamo maji yanatulia na kuacha uchafu mzito, na kipande cha sponji au chandarua kikukuu ambacho hakikutiwa dawa. Chandarua chenye dawa kinaua samaki. Ndoo hiyo mutaisafisha kila siku. Maji yakitoka katika pipa yaanguke kutoka juu ndani ya beseni, ili yachukue hewa.

Maji ya ziwa yanataka uangalifu zaidi

Amonia inakuwa kali zaidi pH ikipanda na maji yakipata joto. Katika maji ya pH 7, sehemu iliyo kali haifiki 1 kwa mia ya amonia yote. Katika pH 9 inafika karibu theluthi moja. Maji ya juu ya Ziwa Kivu na ya Ziwa Tanganyika yanakaribia pH 9. Kwa hiyo Goma, Bukavu, Uvira na Kalemie, kama munavuta maji ya ziwa, anzeni na nusu ya samaki waliotajwa katika mfano wetu, kwa chujio lile lile.

Na kambale? Kambale mkubwa anapumua hewa ya juu, kwa hiyo anavumilia maji yaliyokosa hewa, na mfugaji anafikiri mambo ni sawa. Lakini amonia inamuumiza vilevile. Na watoto wake wa wiki za kwanza bado hawajaweza kupumua hewa ya juu.

Makosa manne yanayoua samaki

*Kujaza samaki siku ya kwanza.* Bakteria wanahitaji wiki 4 hadi 6 ili kuenea juu ya mawe. Washeni chujio mapema, muweke samaki wachache, muongeze pole pole. Mukipata ndoo ya mawe kutoka chujio la jirani ambaye samaki wake ni wazima, muichanganye na yenu: inaharakisha kazi.

*Kuosha mawe kwa maji ya robine.* Klori inaua bakteria, na munarudi mwanzo. Suuzeni mawe kwa maji ya beseni lenyewe, nusu leo, nusu wiki mbili baadaye.

*Kulisha wakati kurenti imekatika.* Pompi ikisimama, bakteria wanakosa hewa. Acheni chakula. Toeni maji ndani ya pipa, mawe yabaki na unyevu na hewa. Chota maji ya beseni kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu, mara nyingi. Kurenti ikirudi, maji ya kwanza yanayotoka kwenye pipa yakiwa na harufu mbaya, mwageni nje.

*Kusahau kwamba samaki wanakua.* Wale 400 wakifika gramu 20, ni kilo 8. Hata wakila 4 kwa mia tu, ni gramu 320 kwa siku. Pipa la lita 200 halitoshi tena. Kabla ya siku hiyo, nusu yao wawe wamekwenda bwawani au wameuzwa. Andikeni tarehe hiyo ukutani tangu mwanzo.

Je, lazima mununue?

Si lazima. Kama munayo chemchemi inayotiririka mwaka mzima, acheni maji mapya yapite katika beseni, chujio halihitajiki. Kama kurenti inakuja masaa machache tu, chujio la pompi litawadanganya. Afadhali muwe na samaki wachache na mubadilishe robo au theluthi ya maji kila siku. Maji ya robine yakae kwanza siku nzima katika chombo kilicho wazi. Feza za chama zinatoka katika jasho la watu. Zisitoke kabla ya hesabu kufanyika.

Ile koperative tuliyoisema mwanzoni haikuacha kazi. Walijaza pipa mawe, wakaanza tena na samaki 100, na lile chujio la mjini linashika uchafu katika ndoo ya kwanza. Mweka hazina bado ni yeye yule.

Maswali ya kujadili katika mkutano

1. Beseni letu linapokea gramu ngapi za chakula kwa siku? Nani anazipima?
2. Bidoni la lita 20 linajaa kwa sekunde ngapi kwenye pompi yetu?
3. Kurenti ikikatika usiku, ni nani ana zamu ya kuchota maji?
4. Ni tarehe gani samaki wetu watazidi nguvu ya chujio, na wataenda wapi?

Mukimaliza, andikeni majibu katika daftari la chama. Daftari hilo liwe mkononi siku mutakapokwenda mjini kununua.