Padre Woodward na Lugha ya Kizigua

Padre Herbert Woodward, Mwingereza, alifanya kazi nchi ya Magila na Korogwe. Mwaka 1882 kilitolewa kitabu chake cha Kibondei. Na mwaka 1902 kikafuata cha Kizigua, lugha ya watu wa Handeni na Korogwe. Ni mkusanyo wa sarufi na maneno; na maneno hayo, bila shaka, yalitoka vinywani mwa Wazigua wenyewe.

Wakati ule Wazigua wengine walikuwa mbali sana, kando ya mto Juba huko Somalia, ambako wazee wao walipelekwa utumwani katika karne ya 19. Hawakuwa na kitabu, lakini lugha hawakuiacha. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 vilipowatawanya, baadhi yao walikimbilia Handeni. Wakasema Kizigua, na wenyeji wakawaelewa.