Tashbihi Mezani: Msafiri na Chakula cha Ugenini

Utangulizi

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mgeni huyo anapoandaliwa chakula asichokijua, atakitaja vipi? Makala haya yanadai kwamba mwandishi wa safari hupimwa kwa jinsi anavyokieleza chakula cha wenyeji wake. Mfano wetu ni Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier nchini Moroko, aliyeizuru pwani ya Afrika Mashariki mwaka wa 1331. Masimulizi yake yaliandikwa kwa Kiarabu na Ibn Juzayy, yakakamilika mwaka wa 1355.

Mlo wa Mogadishu

Mjini Mogadishu aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli, ukapakuliwa katika chombo kikubwa cha mti, na juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga. Kando paliwekwa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe.

Mbinu zake ni tatu. Kwanza, anaeleza upishi kabla ya kutoa hukumu. Pili, anatumia tashbihi: embe ni kama tufaha, ila lina kokwa. Huko Mombasa, tunda aliloliita jammun, jina la Kihindi la zambarau, analifananisha na zeituni, ila ni tamu mno. Neno "ila" ndilo lenye uzito. Tashbihi humsogeza msomaji karibu, nayo tofauti hulinda upekee wa kitu kigeni. Tatu, anaonyesha namna ya kula: tonge la wali, kisha achari.

Hata hivyo, baada ya sifa hizo anadai kwamba mtu mmoja wa mji huo hula chakula cha kundi zima la watu wa kwao, na kwamba wamenenepa kupindukia. Hapa ulinganishi haufafanui chakula tena. Unawatenga "wao" na "sisi".

Mfasiri naye ajihadhari. Pilipili ya masimulizi haya haiwezi kuwa hii kali nyekundu tuijuayo leo, kwani mmea huo ulitoka Amerika baada ya safari ya Columbus ya mwaka wa 1492.

Funzo kutoka Kampala

Mwandishi wa makala haya aliwahi kukosea vivyo hivyo. Mjini Kampala, mama aliyetukaribisha alituletea sahani ya senene waliokaangwa kwa vitunguu. Nikamaka, "Mama, hawa si panzi?" Hakujibu, aliisogeza sahani upande wa pili. Sikuwa nimesema uongo, kwani senene ni jamii ya panzi. Lakini nilikuwa nimetaja mdudu, naye alikuwa ameandaa kitoweo. Kesho yake nilimwomba radhi, nikaonja. Nilimwambia ni kama dagaa wa kukaanga, ila wana mafuta zaidi. Akacheka, akanieleza jinsi ya kuwanyonyoa mbawa na miguu. Tashbihi ilikuwa imefungua mazungumzo niliyoyafunga mwenyewe.

Hitimisho

Tashbihi ya chakula haikamiliki bila tofauti, wala haifai kuhamishwa kutoka kwenye sahani hadi kwa mlaji. Anayeandika safari na aanze na jina walitumialo wenyeji, afuatishe upishi, kisha ladha. Hukumu inaweza kungoja.

Zoezi

Mweleze mgeni asiyeijua Kenya ugali na mursik. Tumia tashbihi moja kwa kila kimoja, kisha utaje mahali ambapo tashbihi hiyo inakoma.