Mchezo wa Kamiriithu

Watoto wa Sange wanapenda kuimba. Jioni, jua likishuka nyuma ya milima, sauti zao husikika bondeni kuelekea Ruzizi. Ikikaribia Noeli, wengine huigiza habari za wachungaji na wafalme. Mtoto wa jirani amevaa kitenge cha mama yake, naye sasa ni mfalme wa Mashariki! Twamjua sana, jana tulichota maji pamoja. Lakini akianza kusema na kuimba, tunanyamaza, tunamtazama kama mtu mwingine.

Kwa nini tunafurahi hivyo tukiona watu wa kwetu wakicheza? Someni habari hii ya kijiji kimoja cha nchi ya Kenya, ng'ambo ya Ziwa Victoria.

1. Mama mmoja abisha hodi

Karibu na mji wa Limuru kuna kijiji kinachoitwa Kamiriithu. Wengi wa watu wake walikuwa wakulima wadogo, na vibarua wa mashamba ya chai na wa kiwanda cha viatu. Huko alikaa Ngugi wa Thiong'o, mwandishi wa vitabu na mwalimu wa chuo kikuu cha Nairobi.

Mwaka 1976 mama mmoja wa kijiji alikwenda kwake asubuhi na mapema. Alimwuliza kwa nini watu wenye elimu nyingi kama yeye hawakigawii kijiji chao kidogo. Mwandishi alisema ana kazi nyingi. Jumapili iliyofuata mama alirudi. Jumapili nyingine akarudi tena. Hakuchoka mpaka mwandishi alipokubali.

Kwanza walifungua darasa la kusoma kwa watu wazima. Kisha walitaka mchezo wa kuigiza wenye nyimbo na ngoma, katika lugha yao ya Kikuyu. Ngugi wa Thiong'o aliuandika pamoja na mwenzake, Ngugi wa Mirii. Mchezo ukaitwa Ngaahika Ndeenda. Kwa Kiswahili ni Nitaolewa Nikipenda.

2. Kazi ya wote

Mchezo huo unasimulia habari za Kiguunda, mkulima maskini mwenye eka moja na nusu tu. Tajiri mmoja, ambaye kinywani ana maneno ya dini lakini moyoni ana tamaa, anamshauri yeye na mkewe wafunge ndoa upya kanisani kwa sherehe kubwa. Kiguunda hana fedha. Anakopa benki, na hati ya shamba inawekwa rehani. Anashindwa kulipa, shamba linauzwa. Nani analinunua? Ni tajiri yule yule.

Mazoezi yalianza mwezi wa Juni 1977. Yalifanyika Jumamosi na Jumapili alasiri, ili watu wasiache kazi wala kukosa ibada ya asubuhi. Hayakufanyika chumbani kwa siri, bali mahali pa wazi. Aliyepita njiani aliweza kusimama na kutazama. Tena aliweza kusahihisha! Mzee akisikia maneno yasiyofaa kinywani mwa mtu mzima, alisema mara moja kwamba wazee hawasemi hivyo. Mama mmoja mzee, asiyejua kusoma wala kuandika, ndiye aliyewapa waandishi maneno ya wimbo wa arusi wa kale. Siku hiyo wasomi walikuwa wanafunzi, naye alikuwa mwalimu.

Hawakuwa na jumba la mchezo. Basi, wanakijiji walipanga njiti za kiberiti chini, wakaonyesha jukwaa litakuwa wapi na watu watakaa wapi. Kisha wakajenga wenyewe. Uwanja ule uliweza kuchukua watu zaidi ya 2,000. Kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.

3. Siku ya mchezo

Mchezo ulifunguliwa Jumapili, tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walikuja kwa miguu, na wengine wakakodi mabasi na teksi kutoka mbali. Walioketi walimtambua jirani yao jukwaani, yule waliyekutana naye sokoni. Walimwona akilia kwa ajili ya shamba lake, nao walijua maana ya kukosa shamba. Siku moja mvua ilikatiza mchezo mara tatu. Watu walijikinga, lakini hawakwenda nyumbani. Mvua ilipokatika walirudi kutazama.

4. Mlango wafungwa

Tarehe 16 Novemba 1977 wakubwa wa serikali waliondoa ruhusa ya mchezo. Tarehe 31 Desemba polisi walimkamata Ngugi wa Thiong'o. Alikaa kifungoni Kamiti karibu mwaka mzima, bila kuhukumiwa. Humo gerezani aliandika kitabu cha hadithi kwa Kikuyu, juu ya karatasi za msalani. Aliachiliwa mwezi wa Desemba 1978.

Wanakijiji hawakukata tamaa, wakafanya mazoezi ya mchezo wa pili wa nyimbo. Mwezi wa Februari 1982 walitaka kuuonyesha katika jumba kubwa la taifa la michezo, mjini Nairobi. Walipofika walikuta milango imefungwa. Mwezi wa Machi mwaka huo polisi walikuja Kamiriithu, wakaubomoa uwanja waliojenga wanakijiji kwa mikono yao.

5. Mlango wafunguka

Miaka ilipita. Ngugi wa Mirii alihamia Zimbabwe, akafa huko mwaka 2008. Mchezo ulikuwa umebaki katika kitabu na katika kumbukumbu za watu.

Ndipo mwezi wa Mei 2022 wachezaji wa Kenya waliuonyesha tena Nairobi, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza. Waliuonyesha wapi? Katika jumba lile lile la taifa! Aliyekuwa mtoto wa miaka 10 mwaka 1977 sasa alikuwa mtu wa miaka 55. Vijana waliousoma tu mchezo huo kitabuni waliweza kuyasikia maneno yake katika vinywa vya watu hai, na nyimbo pamoja na vishindo vya miguu. Ngugi wa Thiong'o alikufa huko Marekani tarehe 28 Mei 2025, naye alikuwa ameishi hata kusikia kwamba mlango umefunguliwa.

Basi, mtoto, ukimwona jirani yako akiigiza katika kiwanja cha shule, usimcheke kwa sababu amevaa kitenge cha mama yake. Tazama vizuri, sikiliza. Mbao za jukwaa huvunjwa kwa siku moja. Wimbo ambao watu wamejifunza pamoja hauvunjiki upesi.

Maneno ya kujifunza

Rehani: kitu anachoweka mkopaji, asipolipa, hunyang'anywa.
Jukwaa: mahali palipoinuliwa wanapochezea waigizaji.
Kukatiza: kusimamisha jambo kabla halijaisha.

Maswali

1. Mama wa Kamiriithu alimwendea mwandishi mara ngapi? Hiyo yatufundisha nini?
2. Kwa nini mazoezi yalifanyika alasiri?
3. Kiguunda alipotezaje shamba lake?
4. Nani alikuwa mwalimu wa waandishi, naye alifundisha nini?
5. Uliza wazee wa kwenu wimbo mmoja wa kale wa arusi. Uandike, kisha uimbe mbele ya wenzako.