Kuunganisha Simu za Ofisi na za Tawi: Yanayopaswa Kuhakikishwa Kabla ya Kumlipa Fundi

Ofisi yenye makao Dar es Salaam na tawi Mwanza inaweza kuunganisha mitambo yake ya simu za ndani kwa njia ya intaneti, wafanyakazi wakapigiana kwa tarakimu nne bila kulipia kila dakika. Kazi hiyo ni ya fundi, lakini ankara na lawama humfikia mwenye ofisi. Kwa sababu hiyo tunaeleza hapa yale ambayo mteja anapaswa kuyaelewa na kuyadai.

Kila mtambo huongozwa na jedwali la njia. Husoma tarakimu za mwanzo za namba iliyopigwa, kisha huamua simu ipite wapi. Tuchukulie kwamba namba za ndani za Dar es Salaam huanza na 2, na za Mwanza huanza na 3. Anayepiga 3015 akiwa Dar es Salaam atapelekwa Mwanza. Anayeanza na 0 atatolewa kwenye mtandao wa umma. Namba za ndani zisianze na 1, kwa kuwa 112 ni namba ya dharura, na haifai mtambo usite ukisubiri tarakimu ya nne.

Hapo kwenye dharura tunamwomba msomaji atulie kidogo. Baadhi ya ofisi huweka laini zote za nje makao makuu ili kubana matumizi. Moto ukizuka Mwanza na mfanyakazi akapiga 112, simu hiyo itatokea Dar es Salaam, ikibeba namba inayoanza na 022 badala ya 028, na dakika za thamani zitapotea katika kuelezana ni mji gani unaoungua. Kila tawi, hata likiwa na watu watatu tu, libaki na laini yake ya nje, na 112 ipelekwe kwenye laini hiyo bila sharti lolote. Fundi akuonyeshe agizo hilo katika jedwali. Usilijaribu kwa kuwapigia waokoaji bila kupatana nao kwanza.

Kosa jingine huletwa na namba isiyo na mwenyewe. Mtambo wa Dar es Salaam hupeleka 3999 Mwanza. Wa Mwanza hauitambui, huirudisha. Wa kwanza huipeleka tena. Simu moja huzunguka hivyo hadi njia zote zijae, na wateja wanaopiga husikia kwamba laini inatumika. Dawa yake ni nyepesi: kila mtambo uikatae namba ya upande wake usiyoitambua, usiirudishe.

Kiungo kikikatika, simu zinaweza kupita mtandao wa umma kwa namba kamili ya tawi, ila hapo dakika hulipiwa. Amua mapema kama unataka hivyo.

Upo pia wizi. Mtambo ulioachiwa nenosiri la kiwandani unaweza kuingiliwa Jumamosi usiku na kupigishwa namba ghali za ng'ambo hadi Jumatatu asubuhi. Badilisha nenosiri, zuia simu zinazoanza na 000 kwa kila namba ya ndani isiyozihitaji, funga uhamishaji wa simu kwenda namba za nje, na mwombe mtoa huduma aweke kikomo cha matumizi. Ukipata ankara usiyoielewa, mwandikie yeye kwanza, ukiambatisha orodha ya simu iliyotolewa na mtambo wako. Asipokuridhisha, tuletee malalamiko pamoja na nakala ya barua hiyo.