Damu ya Mtu, Upanga wa Serikali na Mawe ya Mtaani

SOMO LA JUMA LA VIKUNDI VYA NYUMBANI
Maandiko: Mwanzo 9:5-6, Hesabu 35:9-34, Matendo 6:8 hadi 8:1, Warumi 13:1-4



Swali la juma hili mmelileta nyinyi wenyewe. Kila redio inapotangaza mauaji mabaya, nikipita kwenye vikundi vyetu kuanzia Ukunda hadi Msambweni nasikia sauti mbili. Mmoja anasema, "Aliyeua naye auawe, Biblia imesema." Mwingine anajibu, "La, Yesu alisamehe. Wewe ni nani umnyonge mtu?" Na wote wawili wana mstari wa kuonyesha. Basi hebu tulitazame jambo hili polepole: kwanza ndani ya Neno, kisha ndani ya sheria ya nchi, halafu hapa hapa mlangoni petu.

1. Neno linasema nini

Baada ya gharika Mungu alimwambia Nuhu kwamba anayemwaga damu ya mwanadamu atadaiwa damu yake. Angalieni sababu aliyoitoa. Hakutaja hasira ya ndugu wa marehemu. Alisema mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Naye Paulo anawaambia Warumi kwamba mwenye mamlaka hakupewa upanga bure. Kwa hiyo ndugu anayeamini kwamba serikali ina haki ya kutoa adhabu hii hajatoka nje ya Maandiko. Tusimwite mkatili.

Lakini Mungu yule yule aliuzungushia upanga huo ua. Hesabu 35:30 inakataza mtu kuuawa kwa neno la shahidi mmoja. Kumbukumbu 19 inawataka waamuzi wachunguze kwa bidii, na shahidi wa uongo apewe adhabu ile ile aliyotaka mwenzake aipate. Kumbukumbu 17:7 inataka mashahidi wawe wa kwanza kurusha jiwe, ili mtu ajiulize vizuri kabla hajafungua mdomo. Tena kulikuwa na miji sita ya makimbilio, mshtakiwa apate pa kusimama mpaka asikizwe.

Sasa mtazameni Mungu alipohukumu wauaji mwenyewe. Kaini alimtia alama ili mtu yeyote asimuue. Daudi alipanga kifo cha Uria, na Nathani akamwambia hatakufa, ingawa upanga haukuondoka nyumbani kwake. Rehema ilikuwepo na adhabu ilikuwepo. Anayedhani kumwacha mtu hai ni kumwacha bila adhabu, aisome tena habari ya Daudi.

2. Sheria yetu Kenya

Adhabu ya kifo bado imo kwenye vitabu vyetu: kwa mauaji, uhaini na wizi wa mabavu. Hata hivyo mara ya mwisho kitanzi kutumika ilikuwa mwaka 1987, pale Kamiti, waliponyongwa Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu kwa jaribio la mapinduzi la 1982. Tangu hapo mahakama zimeendelea kutoa hukumu hiyo, na wafungwa wamekaa wakiisubiri, wengine wetu wa Pwani huko Shimo la Tewa. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia zaidi ya watu 4,000 kuwa kifungo cha maisha. Mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta alifanya hivyo kwa watu 2,747, na 2023 Rais Ruto naye akafanya hivyo hivyo.

Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba ni kinyume cha Katiba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila muuaji bila kusikiliza hali yake. Mwaka 2021 ikafafanua kwamba uamuzi huo ulihusu mauaji peke yake. Na wizi wa mabavu, wapendwa, si lazima uwe wa bunduki. Vijana wawili wakimpora mtu simu kwa nguvu, kosa linaweza kuwa hilo hilo. Kesi hizo huanzia kwa hakimu, na masikini wengi wamesimama pale bila wakili.

Msimamo wangu nauweka wazi: sioni sababu ya Kenya kurudia kitanzi. Sisemi upanga ni dhambi. Nasema ua ule wa Musa hatujaujenga. Nabothi alikufa kwa mashahidi wawili wa uongo na barua zenye muhuri wa mfalme. Kila kitu kilionekana halali (1 Wafalme 21). Mtu akiwa hai gerezani, kosa la mahakama linaweza kurekebishwa. Akishanyongwa, nani atamrudisha?

Na mama aliyezika mwanawe je? Tusimwambie "samehe tu" halafu twende zetu. Kesi yake isikizwe, muuaji afungwe, na sisi tukae naye kwenye benchi la mahakama hata kesi ikiahirishwa mara kumi. Kusamehe ni kazi ambayo Roho Mtakatifu ataifanya naye kwa wakati wake.

3. Hukumu ya kifo ya mtaani

Tuseme ukweli. Serikali haijanyonga mtu tangu 1987, lakini sisi tunaua. Mtu anapigiwa kelele za mwizi, na kabla polisi hawajafika ameshapigwa mawe na kuchomwa moto. Hapa Kwale na jirani zetu Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingi na watu wa damu yao, na mara nyingi nyuma yake kuna shamba. Shahidi ni nani? Ndoto. Mvi. Macho mekundu ya mpishi wa kuni. Hakuna shahidi hata mmoja, na Torati ilitaka wawili.

Hapa kanisa linahusika. Mtumishi akisimama madhabahuni na kusema, "Naona bibi mmoja kwenu ndiye amefunga kazi yako," yule kijana atakwenda nyumbani na jina moja kichwani. Vita vyetu si juu ya damu na nyama. Tunakemea pepo, hatutaji nyanya za watu. Hata Sheria ya Uchawi ya 1925 inahesabu kuwa kosa kumtuhumu mtu uchawi, isipokuwa kwa kupeleka malalamiko kwa mamlaka kama chifu au polisi.

Mkumbukeni Stefano. Mashahidi wa uongo, umati, mawe. Na pembeni kijana mmoja, Sauli. Maandiko hayasemi alirusha jiwe. Alilinda nguo, na akakubali. Leo angekuwa ameshika simu anarekodi. Mpendwa, ukisimama pale hujarusha kitu, Mungu bado anakuona. Lakini tazama neema: mlinzi wa nguo za wauaji ndiye aliyekuja kuwa Paulo. Kama angehukumiwa kufa siku ile, nani angewaandikia Warumi?

4. Tufanye nini

Kwanza, ukisikia kelele za mwizi, piga simu polisi, mwite chifu au mzee wa nyumba kumi. Ukiweza, msimame wengi pamoja. Peke yako umati utakumeza.

Pili, mzee akitajwa uchawi, nyumba zetu ziwe mji wa makimbilio. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa ikiwapokea wazee waliokimbia makwao. Wazee wa kaya wamefungua mlango. Kanisa lisiwe nyuma.

Tatu, watembeleeni wafungwa, hata wenye damu mikononi, kama Waebrania 13:3 inavyotuagiza. Na wiki hiyo hiyo mtembeleeni aliyefiwa.

MASWALI YA KIKUNDI
1. Kwa nini Mungu alimtia Kaini alama badala ya kumuua?
2. Katika mtaa wako, mzee aliyetuhumiwa angekimbilia mlango wa nani?
3. Yupo mtu ambaye tumemtaja vibaya katika maombi? Tutamwendeaje?

OMBI
Baba, damu ya Habili ililia kutoka ardhini nawe ukasikia. Sikia na damu iliyomwagika kwetu Kwale. Wafariji waliofiwa, wageuze wauaji, walinde wazee wetu usiku huu. Damu ya Mwanao, inenayo mema kuliko ya Habili, itusafishe. Katika jina la Yesu, amina.