Plagi Imegeuka Kahawia: Je, Tuuze Gari?

*Fundi, mimi ni mwalimu, naishi Kisauni, Mombasa. Tulinunua Nissan Leaf kuukuu iliyotoka Japani, yenye betri ya yuniti 40. Muuzaji aliikata plagi ya Kijapani kwenye kebo ya kuchajia, akatuwekea hii yetu ya pini tatu. Tangu hapo naichaji kila usiku kwa soketi ya sebuleni, ile ile ninayopigia pasi. Wiki iliyopita nilisikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilipochomoa, plagi ilikuwa imegeuka kahawia. Mume wangu asema gari liuzwe kabla halijatuchomea watoto. Fundi mmoja naye ataka tubadilishe nyaya za nyumba nzima, na pesa hizo hatuna. Je, soketi ya nyumbani haifai kabisa?*

Mwanangu, kabla ya yote, usichomeke tena chochote kwenye soketi hiyo, hata pasi. Soketi iliyoungua haiponi kwa kupanguswa. Izime hadi ibadilishwe, na upande matatu siku chache hizi.

Mumeo ana haki ya kuogopa. Ile harufu ilikuwa onyo, na nashukuru uliisikia ukiwa macho. Lakini gari halina kosa, na nyumba nzima haihitaji kufumuliwa.

Chukua kebo yako usome maandishi kwenye kile kisanduku chake cha katikati. Kebo nyingi zinazokuja na Leaf za Japani huandikwa volti 200, ampea 15. Kule soketi za kawaida ni za volti 100, kwa hiyo kebo hiyo hutengenezewa soketi yake maalumu. Plagi yetu ya pini tatu mwisho wake ni ampea 13. Muuzaji alipokata na kuunga, aliibebesha mzigo usio wake. Usidhani fyuzi iliyomo ndani ingekuokoa: fyuzi ya 13 haikatiki upesi kwa ampea 15. Hukaa pale ikipata moto, usiku kucha.

Na huo usiku kucha ndio kiini cha mambo. Birika la umeme nalo hula umeme mwingi, ila maji huchemka kwa dakika chache na soketi ikapoa. Gari huvuta saa sita, saa nane, bila kupumzika. Penye skurubu iliyolegea, moto hujikusanya papo hapo. Breka kwenye sanduku la swichi kuu haitaruka, kwa sababu yenyewe hupima wingi wa umeme unaopita, haihisi joto la kiungo kilicholegea.

Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, nao ni upepo wa chumvi. Nimefungua soketi nyingi za nyumba zilizo karibu na bahari. Kwa nje nyeupe pe, kumbe ndani shaba imeota ukungu wa kijani, na waya unacheza ukiugusa kwa bisibisi. Soketi ya namna hiyo huvumilia taa ya mezani miaka na miaka. Gari haiwezi kulivumilia.

Sasa tupige hesabu, maana ndiyo itakayokutuliza. Ukiendesha kilomita 30 kwa siku, Leaf hutumia takriban yuniti tano. Kebo ya ampea 8 kwa umeme wetu wa volti 240 hutoa karibu kilowati 1.9, yaani yuniti 1.9 kwa saa. Basi kwa saa tatu hivi umerudisha ulichotumia. Kujaza betri tupu kungechukua zaidi ya saa ishirini, lakini wewe huimalizi betri kila siku. Huna haja ya kasi, una haja ya utulivu.

Kwa hiyo fanya hivi. Iache kebo hiyo iliyokatwa. Tafuta iliyotengenezwa kwa umeme wa volti 240, inayoingia kwenye tundu la Leaf yako, na inayokubali kupunguzwa hadi ampea 8 au 10.

Kisha mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, umwambie unataka laini moja tu: itoke kwenye sanduku la swichi kuu moja kwa moja hadi gari linapolala, isichangie na soketi nyingine yoyote. Aweke waya wa milimita 6 za mraba, ili siku mkipata chaja kubwa ya ukutani msivunje ukuta tena. Laini hiyo iwe na breka yake, na RCD inayokata umeme ukivuja. Akienda dukani kununua RCD hiyo aseme ni ya kuchajia gari. Apime waya wa ardhini kwa kifaa, asikwambie "uko sawa" kwa kuutazama tu. Soketi iwe mpya, ya kampuni inayoaminika, yenye kifuniko cha kuzuia mvua. Asipokubali kupima, mshukuru utafute mwingine.

Waya wa ekstensheni usiutumie kamwe, hasa uliozungushwa kwenye gurudumu lake, kwani ukibaki umeviringwa joto halina pa kutokea.

Usiku wa kwanza usichaji peke yako. Mwite mumeo, mchomeke mkiwa pamoja, mnywe chai. Baada ya nusu saa aweke kiganja chake juu ya plagi. Uvuguvugu si neno. Ikiwa moto hata mkono haukai, zimeni na mumrudishe fundi. Rudieni baada ya saa moja, na tena kabla ya kulala, kwa wiki nzima. Hofu ya mumeo ilianzia kwenye ile plagi ya kahawia aliyoiona kwa macho yake. Haitatoka kwa maneno yangu wala yako. Mpe hii mpya aishike.